Kunyoosha Nuru ya Jicho Lililopandikizwa

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanajumuiya wa Dzaleka na wageni wao kutoka Lilongwe

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyetujaalia masikio, macho na nyoyo ili tupate kumshukuru; na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake wote.

Amma baad. Wakuu wa jumuiya yetu wamenitaka nizungumze juu ya jambo ambalo zamani lisingetajwa katika baraza kama hii. Swali lenyewe ni hili: Mtu aliyekuwa na chamba jichoni, akajaaliwa kupandikizwa konea, jicho likatakata, lakini akawa bado haoni sawasawa, je, yatupasa kumchangia fedha apelekwe ng'ambo kupigwa leza? Wako waliojibu ndiyo, na tena upesi. Wako waliojibu kwamba huko ni kuitupa sadaka, maana upasuaji wa kwanza umekwisha kushindwa. Kwa idhini yenu nitaonyesha kuwa kauli zote mbili zina haraka ndani yake, na kwamba kabla ya fedha iko kazi kubwa iliyo mikononi mwetu wenyewe.

Kwanza na tufahamu konea ni kitu gani. Konea ni utando mwangavu ulio mbele ya jicho, mfano wa kioo juu ya uso wa saa. Unene wake katikati ni yapata nusu milimita. Haina mishipa ya damu, na hiyo ni sababu moja ya kuwa safi kama maji ya chemchemi. Kazi yake si kulinda jicho tu. Yapata thuluthi mbili ya nguvu ya jicho ya kuukusanya mwanga imo katika konea, ili mwanga huo ukutane mahali pamoja nyuma ya jicho, penye pazia la kuonea liitwalo retina.

Konea iliyo sawa imeviringana kila upande kama mpira. Ikiwa upande mmoja umebinuka zaidi kuliko mwingine, mfano wa mgongo wa kijiko, mwanga hauwezi kukutana mahali pamoja. Mtu huiona taa ya usiku ina mkia, na akifungua msahafu huona alif moja kama kwamba ni mbili. Kasoro hiyo madaktari huiita astigmatizimu. Mwingereza Thomas Young aliieleza mwaka 1801 baada ya kulichunguza jicho lake mwenyewe, na mwaka 1825 mnajimu George Airy alijitafutia miwani ya kuisawazisha. Wala tusisahau kwamba karne nyingi kabla yao, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Misri, alikwisha kubainisha katika Kitab al-Manazir kwamba mwanga hutoka katika vitu ukaingia jichoni, wala si jicho litoalo mwanga.

Sasa tuje kwenye kupandikiza. Konea ikipata kovu, au ikichongoka kama pia, miwani haisaidii tena au husaidia kidogo mno. Hapo daktari hukata kipande cha mviringo katikati ya konea iliyoharibika, akaweka mahali pake kipande safi kilichotolewa katika jicho la mtu aliyefariki. Upasuaji wa kwanza wa namna hii uliofanikiwa kwa mwanadamu ulifanywa na daktari Eduard Zirm, tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc, ambao leo umo katika nchi ya Chekia. Mgonjwa alikuwa kibarua aliyeunguzwa macho yote mawili na chokaa. Konea ilitoka kwa mtoto wa miaka 11 ambaye jicho lake lilijeruhiwa kwa vipande vya chuma, ikawa halina budi kuondolewa. Jicho moja la kibarua yule lilibaki safi, akarudi kazini.

Hapa kila mara huulizwa: Sheria ya dini inasemaje? Majlisi ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, iliyokutana Jeddah mwezi wa Februari 1988, ilitoa azimio lake la 26 juu ya jambo hili. Ilijuzisha kuitumia konea ya jicho lililoondolewa kwa sababu ya maradhi, yaani hali ile ile ya mwaka 1905. Ilijuzisha vile vile kuchukua kiungo cha maiti kwa ajili ya aliye hai, ikiwa uhai wake au kazi ya msingi ya mwili wake yakitegemea kiungo hicho, kwa sharti marehemu awe ameruhusu kabla ya kufa, au warithi wake waruhusu baada yake. Iliharimisha kumtoa aliye hai konea zake zote mbili, na iliharimisha kuuza kiungo cha mwanadamu. Ni haki pia niseme kwamba wako maulamaa wa Bara Hindi, akiwamo marehemu Mufti Muhammad Shafi wa Karachi, waliokataza kupandikiza viungo vya watu. Kwa kuwa katika Lilongwe na hapa Dzaleka tumo watu wa asili mbalimbali na wanafunzi wa masheikh mbalimbali, mwenye shaka na amwulize sheikh wake, wala mtu asimlaumu mwenziwe kwa kufuata kauli ya wanavyuoni.

Konea za kupandikiza ni haba kupita kiasi. Hesabu iliyofanywa juu ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba katika nchi 116 walipandikizwa watu wapatao 185,000, na kwamba kwa kila watu 70 wenye haja, konea iliyopatikana ilikuwa 1 tu. Katika Afrika ya Mashariki iko benki ya macho katika hospitali ya Lions SightFirst mjini Nairobi, na Ethiopia ilianzisha benki yake ya macho Addis Ababa mwaka 2003. Basi aliyepata konea amepata amana adhimu, na aliyeitoa, au warithi wake, wamefanya hisani isiyolipika.

Je, kwa nini mtu mwenye amana hiyo, tena jicho lake likiwa safi, aone vitu vimepinda? Akina mama wanaoshona kofia watanifahamu upesi. Kipande cha juu cha kofia hushonwa katika duara la ukingo wake. Uzi mmoja ukivutwa zaidi na mwingine ukilegezwa, kofia hukaa upande, ijapokuwa kitambaa ni kizuri na mkono wa mshonaji ni hodari. Konea nayo hushikizwa pande zote kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, mara nyingi 16 au zaidi. Kidonda chake hupona polepole mno kwa kuwa hakina damu ya kukilisha, na hakiponi sawa kila upande. Kwa sababu hiyo upotofu wa umbo baada ya kupandikiza ni jambo la kawaida. Wastani wake hufika dayopta 4 au 5, na wengine huzidi hapo, hali ya kuwa jicho la kawaida lina upotofu mdogo tu. Basi anayesema kwamba upasuaji umeshindwa amekosea. Kioo ni kizima. Kilichobaki ni kukinyoosha.

Kunyoosha huko kuna daraja zake, na leza ni daraja ya juu, si ya chini.

Daraja ya kwanza ni subira pamoja na kuhudhuria kwa daktari. Daktari huipima konea, akautambua uzi unaovuta, akaukata au kuulegeza kwa wakati wake. Mara nyingi jambo hili peke yake hupunguza upotofu. Nyuzi zote huenda zisimalizike kuondolewa mpaka mwaka mmoja au zaidi upite.

Daraja ya pili ni miwani. Wengi hutosheka nayo. Lakini tofauti ya macho mawili ikiwa kubwa mno, ubongo hushindwa kuunganisha sura mbili, na mtu hupata kizunguzungu.

Daraja ya tatu ni lenzi ndogo ngumu inayovaliwa juu ya jicho lenyewe. Lenzi hii huwa uso mpya uliolingana, na machozi hujaza mabonde yaliyo chini yake. Ni dawa njema kuliko zote kwa upotofu usio na mpango, ila yahitaji usafi wa mikono, maji ya dawa, na mahali pasipo vumbi jingi. Tunaoishi katika makazi haya, ambapo maji hufuatwa kwa foleni na upepo wa kiangazi hubeba vumbi jekundu, twajua ugumu wake.

Daraja ya nne ni kisu au leza. Daktari aweza kukata mikato myembamba ya upinde karibu na ukingo wa kipande, ili upande uliobinuka ulegee. Siku hizi mikato hiyo hufanywa pia kwa leza ya femtosekunde, ambayo hupiga kwa muda mfupi usioweza kufikirika. Na iko leza ya pili, iitwayo eksaima, ambayo ndiyo mnayoisikia ikitajwa.

Leza ya eksaima ni mwanga usioonekana kwa macho, uliokusanywa kwa nguvu. Hauchomi kama moto. Huvunja vifungo vya chembe za konea, na chembe hizo huruka kama mvuke, bila kuunguza jirani zake. Kila pigo huondoa yapata robo ya mikroni, na mikroni ni sehemu 1 katika 1,000 za milimita. Mwaka 1983 daktari Stephen Trokel wa Marekani na wenzake walitangaza kuwa wameijaribu juu ya macho ya ng'ombe, na kabla ya miaka kumi kupita ilikuwa ikitumiwa kwa wanadamu. Mashine huongozwa na kompyuta, ikaondoa zaidi upande huu na kidogo upande ule, mpaka mgongo wa kijiko ukaribie kuwa mpira.

Njia zake ni mbili. Katika njia ya kwanza, iitwayo PRK, daktari hukwangua ngozi laini ya juu tu, akapiga leza juu ya uso. Hofu yake ni ukungu wa kovu baadaye, na ili kuuzuia hupakwa dawa iitwayo mitomaisini kwa muda mfupi. Katika njia ya pili, iitwayo LASIK, daktari hukata kifuniko chembamba cha konea, akakifunua kama ukurasa wa kitabu, akapiga leza chini yake, kisha akakirudisha. Lakini jicho lililopandikizwa si kama jicho lisiloguswa. Kule kukata kifuniko tu hubadilisha umbo lake. Kwa hiyo madaktari wengine hukata kwanza, wakangoja wiki au miezi, wakapima upya, ndipo wakapiga leza.

Masharti ya kupigwa leza ni haya: nyuzi zote ziwe zimetoka, vipimo viwe vimetulia, visiwe leo hivi na kesho vile, konea iwe safi na nene ya kutosha, na pasiwe na dalili ya mwili kuikataa. Mashine hizo zipo Nairobi na Afrika ya Kusini, lakini si kila daktari mwenye mashine hukubali jicho lililopandikizwa. Na mwisho wa yote, leza haiahidi jicho la ujana. Hupunguza upotofu, aghalabu haiuondoi wote. Mafanikio yake ni kwamba mtu ambaye hakuweza kuvumilia miwani sasa aivae na asome. Anayetazamia zaidi ya hapo atajuta, na anayemwahidi zaidi ya hapo anamdanganya.

Ndugu zangu, iko hatari iliyo kubwa kuliko upotofu wote nilioutaja, nayo ni mwili kuikataa konea ngeni. Yaweza kutokea mwezi wa pili, na yaweza kutokea mwaka wa kumi. Dalili zake ni nne: jicho kuwa jekundu, kuuma, kuogopa mwanga, na kuona kufifia. Dalili moja tu ikitokea, mgonjwa apelekwe siku ile ile katika kituo cha afya, na aseme wazi kwamba jicho lake limepandikizwa, ili aandikiwe barua ya kwenda kwa wataalamu wa macho. Kutoka hapa mpaka Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe, ni kati ya kilometa 40 na 50. Hospitali ya Nkhoma, iliyo upande wa pili wa Lilongwe, nayo inajulikana kwa kazi ya macho. Umbali huo si mkubwa, lakini kwa asiye na nauli, na ambaye kutoka katika makazi kwataka ruhusa, ni umbali wa kupoteza jicho.

Kinachoilinda konea ni matone ya dawa ya steroidi, kwa kipimo cha daktari. Akiacha mgonjwa kwa kuwa jicho halimwumi, amejidhuru. Akijinunulia dukani na kujitilia bila kupimwa, amejidhuru pia, maana dawa hiyo hiyo huweza kuzidisha shinikizo ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Wako wanaoyaacha matone mwezi wa Ramadhani kwa kuogopa kufungua. Majlisi ile ile ya Fiqhi, katika azimio lake la 93 la mwaka 1997, ilisema matone ya jicho hayabatilishi saumu, na katika madhehebu ya Imamu Shafii, tunayoyafuata wengi wetu, jambo hili lajulikana tangu zamani. Ama sala, daktari akimkataza mtu kuinama au kutia maji usoni kwa siku kadhaa, dini yetu ina wasaa. Mtume (s.a.w.) amemruhusu asiyeweza kusimama asali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa asali kwa ubavu, na namna ya kutayamamu masheikh wetu wataieleza. Tena mshono wa konea haurudii kamwe nguvu ya asili. Mwenye jicho hilo asicheze mpira wa vurugu, asipasue kuni bila miwani ya kukinga, wala asilifikiche jicho.

Sasa nalirudia swali la wakuu wetu. Nionavyo mimi, jumuiya isikimbilie kuchangia leza, wala isiifunge milango. Kwanza na tuchangie nauli za kwenda Lilongwe kila daktari anapomwita mgonjwa. Pili, tuchangie matone yasikatike hata siku moja. Tatu, tuchangie miwani, au lenzi kama daktari ameiagiza na nyumbani kuna mtu wa kumsaidia kuitunza. Mambo hayo matatu ni madogo, na bila hayo leza haina msingi wa kusimama. Yakitimizwa yote, mwaka ukapita na zaidi, nyuzi zikatoka, na daktari wa macho akaandika kwa mkono wake kwamba miwani na lenzi zimeshindwa na leza yafaa, hapo ndipo tuombe hati za safari na kufungua daftari la michango. Fedha itakayotolewa wakati huo haitakuwa imetupwa. Na kama itatolewa katika zaka au katika sadaka, hilo nawaachia masheikh.

Tena yatupasa kuyalinda macho ambayo hayajafikia kupandikizwa. Katika Rwanda, wachunguzi waliopima wanafunzi waliwakuta watoto wapatao 4 kwa kila 100 wana ugonjwa wa macho ya kuwasha unaorudi mara kwa mara. Mtoto huyo hufikicha macho usiku na mchana, na kufikicha huko huchangia kuichongoa konea. Mzazi asiseme ni uchafu tu utapita; ampeleke apewe dawa, na mkono wake uzuiwe. Mtoto achanjwe surua, maana surua pamoja na upungufu wa vitamini A huipofusha konea kwa siku chache. Anayechanganya chokaa au saruji ajikinge macho, na ikimwingia aoshe kwa maji mengi pale pale, kabla hata ya kutafuta gari. Na majani yanayokamuliwa jichoni tuyaache. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 juu ya wagonjwa wa konea katika vijiji vya Malawi ulionyesha madhara ya dawa hizo, na kila daktari wa macho katika nchi hii amewaona waliochelewa kwa sababu yake.

Wala msidhani kwamba hayo ni makubwa mno kwa watu wa hali yetu. Mwezi wa Septemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Malawi imeuondoa ugonjwa wa vikope usiwe tena balaa la umma, nayo ilikuwa nchi ya kwanza Kusini mwa Afrika kufikia hapo. Vikope hugeuza kope zikakwangua konea mpaka ikawa chamba. Ushindi huo uliletwa na dawa, na wapasuaji wa kope, na vijiji vilivyokubali kuosha nyuso za watoto na kuchimba vyoo. Hakuna katika hayo lililo mbali na uwezo wetu.

Mwisho, tuwakumbuke wale ambao hawatapata konea wala leza. Abdallah bin Ummi Maktum alikuwa kipofu, na Mwenyezi Mungu aliteremsha Sura kwa ajili yake. Mtume akamfanya mwadhini, na akamwachia Madina alipotoka safarini. Kipofu wetu asikalishwe pembeni. Apewe nafasi katika madrasa, katika baraza, na katika safu ya mbele.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, uwape subira waliojaribiwa, uwalipe kheri waliotoa na watakaotoa, wala usizipofushe nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.